Madai ya Diski Yanayotugharimu Nyanchwa

Anayetaka kompyuta ya kasi ya nyumbani hapa Nyanchwa, Kisii, hupata washauri wengi kabla hajashuka mjini kununua. Mwanafunzi wa chumba cha jirani ana lake, fundi wa Kisii ana lake, na binamu aliye Nairobi, anayepita Luthuli Avenue kila siku, naye ana lake. Mengi wanayosema yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanadumu. Tatizo ni kwamba mtu huyafuata, akatoa pesa alizozichanga kwa miezi, kisha akabaki na mashine isiyo na kasi aliyoitaka, au yenye kasi lakini inayoweza kuondoka na kazi yake yote siku moja. Msimamo wangu ni huu: kasi inunuliwe mara moja, kwa SSD moja ya wastani, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, inayobeba mfumo endeshi na programu. Pesa zinazosalia ziende kwenye diski kubwa ya kuhifadhia, na kwenye nakala inayokaa nje ya kompyuta. Madai ninayoyajibu hapa yanamtoa mnunuzi kwenye mpangilio huo, kila moja kwa njia yake.

Linalosikika zaidi ni kwamba kompyuta ikiwa nzito iongezwe RAM, diski haina neno. Ni kweli kwamba RAM ya gigabaiti 4 haitoshi tena. Mfumo ukikosa nafasi huanza kuhamishia kazi kwenye diski na kuirudisha, na hapo kila kitu hukwama. Gigabaiti 8 zinatosha kuanzia, na 16 zinamfaa anayehariri video. Lakini chukua kompyuta ya mezani ya mtumba, hizi za ex-UK zinazouzwa kwa wingi, uijaze RAM hadi 16 huku ukiiachia diski yake ya kuzunguka. Muda wa kuwaka hautapungua kwa kiasi cha kuonekana, na programu itakayofunguliwa kwa mara ya kwanza itasuasua vilevile, kwa sababu RAM haina kitu cha kushika mpaka diski imalize kusoma.

Sababu iko ndani ya diski yenyewe. Sahani yake huzunguka mara 7,200 kwa dakika, au 5,400 katika laptopu nyingi za zamani, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Sahani ya 7,200 humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo kichwa husubiri wastani wa milisekunde 4 mpaka kipande kinachotakiwa kifike chini yake. Ongeza milisekunde 8 hivi za kichwa kusogea hadi kwenye mstari wake. Jumla ni kama 12, yaani maombi 80 kwa sekunde, basi. Kuwasha mfumo endeshi si kusoma faili moja ndefu. Ni kukusanya vipande vidogo maelfu vilivyotawanyika. Ni kama mhudumu wa duka la jumla aliyepewa orodha ya vitu mia, kila kimoja kwenye rafu yake: hata awe na miguu myepesi kiasi gani, muda wote unaishia njiani. Vipande 20,000 kwa milisekunde 12 ni sekunde 240, dakika nne nzima. SSD haina sahani wala kichwa, na hujibu ombi kama hilo kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde: vipande vilevile 20,000 ni sekunde mbili. Kwa kweli mfumo hupanga maombi yake vizuri zaidi ya hesabu hii, lakini pengo linabaki kubwa mno, na hakuna kiasi cha RAM kinachoweza kuliziba.

Hapo wauzaji wengine humhadaa mteja bila hata kukusudia. Humwonyesha jinsi diski ya kuzunguka inavyonakili filamu moja kubwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde, na mteja akaridhika kwamba ina kasi. Kwa faili moja ndefu, ndiyo, ina kasi. Mwambie muuzaji azime mashine, aiwashe, afungue kivinjari na programu ya kuandikia kwa pamoja, ndipo uone kile utakachokuwa ukikiona kila asubuhi.

Dai la pili huletwa na vijana waliosoma kidogo kuhusu RAID, mpangilio wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja: unganisha diski mbili za bei nafuu kwa RAID 0, upate kasi maradufu kuliko kununua SSD. Kila faili hugawanywa vipandevipande, nusu diski hii na nusu ile, na zote mbili husoma kwa wakati mmoja. Kwa faili ndefu kasi hukaribia kweli kuwa maradufu. Ila kusubiri sahani izunguke hakupungui hata kidogo, kwa hiyo kile kinachoifanya kompyuta ya nyumbani ionekane nzito kinabaki palepale. Kisha hatari inaongezeka. Tuseme kila diski ina uwezekano wa asilimia 3 kufa ndani ya mwaka. Ukiwa na mbili zinazotegemeana hivi, uwezekano wa kupoteza kila kitu unakaribia asilimia 6, kwa kuwa nusu ya faili haifunguki. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipotoa makala yao ya RAID mwaka 1988, walieleza viwango vya 1 hadi 5, vyote vikiwa na ziada ya kuokoa data diski moja ikifa. Sifuri iliongezwa baadaye, na haina ziada hiyo. Diski mbili za mtumba, zenye umri usiojulikana, ndizo za mwisho kabisa kufungwa pamoja namna hiyo.

Kinyume chake ni RAID 1, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ni dai linalotolewa na watu makini wenye nia njema: ukiwa na diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa wakati mmoja, tayari una nakala ya akiba. La, huna. Una kinga dhidi ya jambo moja tu, diski moja kufa peke yake. Ukifuta folda ya picha za harusi kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Kirusi kikifunga faili zako, kinafunga pande zote. Mwizi akibeba kompyuta, amebeba zote mbili ndani ya sanduku moja.

Na kuna radi. Nyanda za juu za Gusii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa sana na radi. Upepo wenye unyevu unaotoka Ziwa Victoria mchana hukutana juu ya milima yetu na upepo wa mashariki, hewa hupanda, na alasiri mvua hushuka na ngurumo zake karibu mwaka mzima. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga karibu na nyaya za stima, msukumo wake hupita ndani ya waya hadi kwenye soketi, hadi kwenye kisanduku cha umeme cha kompyuta, na kutoka hapo hadi kwenye kila kilichounganishwa nacho. Diski mbili za RAID 1 hunywa kutoka kwenye kisanduku hicho kimoja. Kikipitisha volti zisizo zake, zinaungua pamoja. Sikubaliani kabisa na mtu anayemwambia mwalimu au mwendesha saiba wa hapa kwetu kwamba RAID 1 inatosha. Ushauri huo uliandikiwa ofisi zenye kinga ya radi juu ya paa, jenereta nyuma ya jengo na nakala nyingine katika jengo tofauti. Pesa ya diski ya pili ni ileile. Tofauti ni kwamba diski hiyo ikae ndani ya kasha lake la USB, imechomolewa, kwenye kabati.

Wengi hujibu kwamba wana kebo ndefu ya soketi yenye kinga ya umeme. Kinga hiyo husaidia kwa msukumo mdogo wa stima kukatika na kurudi. Kwa radi iliyopiga karibu haina uwezo. Kifaa chenye faida ya kila siku ni UPS, betri inayoishikilia kompyuta stima ikikatika, kwa sababu nyingine: stima ikikatika ghafla wakati SSD inapanga upya ramani yake ya ndani, ramani hiyo inaweza kuharibika, na SSD nyingi za kawaida hazina kapasita za kuimalizia kazi iliyobaki mkononi. UPS ya dakika kumi inakupa muda wa kuhifadhi na kuzima. Mwenye laptopu ana betri yake tayari, ilimradi asiiendeshe na betri iliyokufa. Ngurumo zikianza, chomoa plagi ukutani, na kebo ya mtandao pia kama inatoka kwenye antena ya nje.

Kuna dai lingine ambalo karibu kila fundi hulifanyia kazi bila kuulizwa. Huchukua diski moja, huigawa C na D, kisha humwambia mteja: weka mfumo C na kazi zako D, kompyuta itakuwa nyepesi na kazi zitakuwa salama. Ugawaji huo una faida moja ya kweli: mfumo ukiharibika, fundi anaweza kuusafisha C bila kugusa D. Lakini C na D ni sahani ileile na kichwa kilekile. Kwenye diski ya kuzunguka unaweza hata kupunguza kasi, maana kichwa kinalazimika kurukaruka kati ya eneo la mfumo na eneo la kazi. Na diski ikifa, herufi zote mbili zinakufa. Nimeona familia iliyokuwa na hakika kwamba video za mazishi ya mzee wao ziko salama kwa sababu ziliwekwa D. Hakuna aliyewaeleza kwamba D haikuwa kifaa kingine, na jambo hilo liliniuma kuliko hasara nyingi za pesa nilizowahi kushuhudia.

Dai kwamba SSD huisha haraka kwa kuandikwa halina uzito tena. Seli zake huchakaa kweli, na kila mtengenezaji hutaja kiasi kinachoweza kuandikwa. Kingston A400 ya gigabaiti 240, diski ya bei ya chini, imetajiwa terabaiti 80. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 imetajiwa 300. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku bila kupumzika, terabaiti 80 zitachukua siku 4,000, karibu miaka 11. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii anayeandika ripoti na kutazama mihadhara hafiki 20. Kinachofaa kuogopwa ni kwamba SSD inaweza kufa ghafla bila kelele za onyo ambazo diski ya kuzunguka hutoa mara nyingine, na kwamba haifai kuachwa bila stima miaka mingi kama hifadhi. Viwango vya JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu za kuhifadhia, kwa SSD za kawaida vinadai ishike data mwaka mmoja tu bila umeme, katika nyuzi 30, baada ya uwezo wake wa kuandikwa kwisha. Kwa hiyo nakala ya kukaa kabatini iwe kwenye diski ya kuzunguka, ambayo ni nafuu zaidi kwa kila terabaiti. Wale wanaokushauri pia upange upya vipande vya faili kwenye SSD kila mwezi, kama tulivyofanya enzi za Windows XP, wanakuongezea uchakavu bila faida: SSD haina kichwa cha kusafiri.

Dai la NVMe, yaani SSD inayopita njia ya PCIe badala ya SATA, linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa namba zake ni za kweli. SSD ya SATA huishia karibu megabaiti 550 kwa sekunde, kwa sababu njia ya SATA yenyewe haipitishi zaidi. NVMe ya kizazi cha tatu cha PCIe hufika 3,500, na ya kizazi cha nne hukaribia 7,000. Mnunuzi huona namba hizo akaamini kompyuta itawaka mara kumi haraka zaidi. Haiwi hivyo. Namba hizo ni za faili ndefu inayosomwa mfululizo. Kwa vipande vidogo vinavyoombwa kimoja kimoja, NVMe hushinda SATA kwa mara moja na nusu au mbili hivi, na wakati wa kuwasha sehemu kubwa ya muda uliobaki ni prosesa ikifanya kazi yake. Kuhama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote ya kweli ndiko kunakobadilisha maisha ya mtumiaji. Kuhama kutoka SATA kwenda NVMe wengi hawakutambui katika kazi za kawaida.

Kama bodi kuu yako ina nafasi ya M.2 na bei zinakaribiana, chukua NVMe bila wasiwasi. Kama mashine yako ni ya Intel ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013 au 2014, mara nyingi nafasi hiyo haipo, na hata ukiiwekea kadi ya kuunganishia, bodi nyingi za umri huo hazikubali kuwaka kutoka NVMe. Usiuziwe. SSD ya SATA ya inchi 2.5 inaingia kwenye kebo iliyopo. Tena angalia M.2 kwa makini, kwa sababu umbo hilo hubeba aina zote mbili, na zipo nafasi zinazokubali SATA peke yake. Kabla hujatoa pesa nyingi kwa mashine ya umri huo, kumbuka pia kwamba Microsoft ilimaliza kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hairuhusu rasmi prosesa hizo. Linux inafanya kazi vizuri kwenye mashine hizo ikiwa na SSD, nami ningependa kuona mafundi wengi zaidi wakiwapa wateja nafasi ya kuijaribu.

Anayetengeneza video atasema haya hayamhusu, yeye anahitaji kasi ya juu kabisa. Wapo wengi hapa: wanaorekodi kwaya za Waadventista, harusi, mazishi. Tupige hesabu. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Kamera tatu zikichezwa kwa pamoja ni 37.5, kiasi ambacho SSD ya SATA inakibeba na nafasi tele ikabaki. Kitakachomlemea ni ukubwa. Saa moja ya video hiyo ni gigabaiti 45. Kamera mbili kwa saa tatu ni 270, na hiyo ni sherehe moja. Akinunua NVMe ya bei kubwa ya gigabaiti 500 peke yake, sherehe mbili zitaijaza, na ataanza kufuta kazi ya wateja. Afadhali SSD ya gigabaiti 500 kwa mfumo na kazi anayoihariri sasa, diski ya kuzunguka ya terabaiti 4 ndani kwa kazi zilizokwisha, na nyingine kama hiyo nje. Kisha achomeke diski ya nje kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ni la buluu. Gigabaiti 270 kupitia USB 2, kwa megabaiti 35 kwa sekunde, ni saa mbili na zaidi. Kupitia USB 3, kwa megabaiti 120, ni chini ya dakika 40. Tundu hilo halikugharimu chochote cha ziada.

Kuhusu diski za nje za terabaiti 2 zinazotangazwa kwa bei isiyofika robo ya bei ya kawaida, nasema kwa ufupi: ni za uongo. Ndani mna chipu ndogo iliyochezewa ili ijitangaze kuwa kubwa; ikijaa huandika juu ya faili za zamani kimyakimya. Zijaribu kwa programu ya H2testw, au F3 kwenye Linux, kabla muuzaji hajaondoka machoni. Diski ya kuzunguka ya mtumba nayo ipimwe kwa CrystalDiskInfo. Tazama saa ilizofanya kazi: mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo diski iliyotolewa kwenye kamera za ulinzi baada ya miaka mitatu itaonyesha zaidi ya 26,000. Tazama pia sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Zikiwa zaidi ya sifuri, mrudishie.

Limebaki la wale wanaosema diski zote hizi ni za nini wakati kuna wingu. Google hutoa gigabaiti 15 bure, na ni jambo jema zitumike. Lakini sherehe ile ya gigabaiti 270, kwenye mtandao unaopandisha megabiti 10 kwa sekunde, inahitaji saa 60 mfululizo, stima isikatike wala bando lisiishe. Video zikae kwenye diski ya nje. Wengi wetu, kwa kuwa ni Waadventista, humaliza kazi Ijumaa kabla jua halijatua, na saa hiyo inafaa kuichomeka, kunakili na kuichomoa, kwa sababu diski ya nje inayobaki imechomekwa wiki nzima inapigwa na radi ileile. Kwenye wingu peleka kilicho chepesi na kisicho na mbadala: vyeti, hati za shamba, tasnifu, na sauti. Saa nzima ya bibi akisimulia kwa Ekegusii, ikihifadhiwa kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ni chini ya megabaiti 60, na gigabaiti 15 zinabeba saa 250 za namna hiyo.